Nailoni Namba Kumi na Moja

Naitwa Afisa. Si cheo, ni jina. Siku niliyozaliwa, gari la afisa wa shamba la mkonge ndilo lililomkimbiza mama hospitali, na baba yangu, Mathias, kwa furaha yake akaona amshukuru yule bwana kwa kunipa mimi cheo chake. Nimeishi na jina hilo tangu hapo. Nimetaniwa shuleni, nimepigiwa saluti na makondakta wa stendi ya Korogwe, na faida yake sijaiona ila mara moja tu, Mei mwaka 2004, katika Mahakama ya Mwanzo kule Mkata, Handeni. Faida yenyewe bora ningeikosa.

Mimi ni mtu wa kemia. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa, naandika tasnifu ya uzamili juu ya plastiki inayooza. Unachukua wanga wa mhogo, unaupika kwa maji na glisirini, unaumwaga kwenye sinia na kuuacha ukauke. Unapata karatasi laini inayong'aa, na ukiifukia ardhini vijidudu wanaila mpaka inakwisha. Nailoni ya dukani hailiwi na kitu. Nilikuwa na ugomvi wangu binafsi na nailoni. Biashara ya nje ilipofunguliwa, kamba za nailoni zilijaa kila duka na katani ikakosa mnunuzi. Shamba la mkonge likafungwa, likauzwa, na baba, aliyesimama miaka ishirini na miwili kwenye mashine ya kusaga mkonge, akarudishwa nyumbani Manundu, Korogwe, na cheti cha utumishi mwema. Kila nilipokoroga wanga nilijiona nalipiza kisasi.

Agosti 2003 nilikodi kona ya shamba la mhogo la Mzee Semboja, Mkata, nikaizungushia ua wa miiba. Katika kila shimo nilifukia vipande viwili, kimoja cha plastiki yangu ya mhogo na kimoja cha nailoni ya dukani, ili baada ya miezi tisa nione katika udongo uleule kipi kimeoza na kipi kimebaki. Vile vya nailoni niliviandika namba kwa msumari wa moto, moja hadi kumi na mbili. Dokta Fransisko, msimamizi wangu kule chuoni Dar es Salaam, alikuwa amenionya nivifukie mbalimbali, mashimo ishirini na manne. Lakini udongo wa Mkata wakati wa kiangazi unataka sururu, na mimi si mtu wa subira. Nilichimba mashimo kumi na mawili, nikavifunga vipande viwili viwili kwa uzi wa katani, nikajisifu kwa ujanja wangu.

Mzee Semboja alisimama kunitazama, mikono nyuma.

"Binti Mathias, hivi unafukia nini?"

"Plastiki inayooza, mzee."

"Haya! Wenzako wanaoza mabinti, wewe unaoza plastiki. Mahari ataleta nani?" Akacheka mpaka akashika kiuno, na kesho yake Mkata nzima ilikuwa inaniulizia mahari.

Oktoba jua lilikuwa kali na majani hakuna. Semboja akanipigia simu kutoka kibanda cha simu cha barabarani: ng'ombe wa Wamaasai wamevunja ua, wamekula majani ya mhogo, na yeye amewafukuza. Nilipanda basi Korogwe, nikabadilisha Segera, nikafika Mkata saa nane mchana. Ua ulikuwa umelala chini. Kwenye kona ya mwisho ya mashimo yangu udongo ulikuwa umekwaruzwa. Mtu mwenye akili timamu angefukua aangalie. Mimi nilisema moyoni nikifukua nitaharibu jaribio. Nikausawazisha ule udongo kwa mguu, nikarudishia miiba na kuwahi basi la jioni. Jambo hilo sikumwambia mtu yeyote.

Februari nikapata samansi. Mjane mmoja mfugaji, Nasinkoi, alidai kwamba ng'ombe wake amekufa kwa kula plastiki ya mhogo ya Afisa Mathias. Ng'ombe alikonda tangu Desemba, akaacha kucheua, akalala asiinuke. Walipompasua walikuta tumboni bonge la plastiki kubwa kuliko kichwa cha mtoto, na ndilo lililopelekwa mahakamani kama kielelezo.

Wiki ile ile chuo kikaniandikia. Utafiti usimame. Shamba lisiguswe mpaka shauri liishe. Na tarehe ya mwisho ya kukabidhi tasnifu ilibaki palepale, tarehe thelathini Juni. Nisipokabidhi, nafasi yangu inakwenda kwa mwingine na miaka mitatu ya kukoroga wanga inaishia hapo.

Kwa hiyo kuanzia Machi nilikuwa mtu wa kuhangaika tu. Nyumbani Manundu sikuweza kukaa kwenye kiti nikamaliza chai. Nilitafuna vifuniko vya kalamu, tabia yangu tangu sekondari, mpaka baba akaanza kuficha kalamu zake. Machi nilikwenda Mkata, tukaambiwa hakimu yuko semina. Niliona bonge lile kwa mbali tu, ndani ya gunia, wakati karani, Bi Fatu, akilipokea: mifuko ya buluu na myeusi ya dukani, imeshikana na kukauka. Nikapumua. Hizo zilikuwa takataka za barabarani, nikajiambia, si zangu. Aprili nilikwenda tena. Hakimu yupo, lakini mmoja wa wazee wa baraza amefiwa, na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hawezi kusikiliza shauri bila wazee wawili kuketi naye. Tukaahirishwa mpaka Mei.

Siku ile ya Aprili nilikaa benchi moja na Nasinkoi nje ya mahakama. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shuka la zambarau, shanga masikioni, msalaba mdogo shingoni. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akanitazama mdomoni.

"Hata wewe unatafuna," akasema.

Nikakitoa kifuniko cha kalamu mdomoni. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Binti, nataka kukuuliza kitu moja. Ile kitu yako iko chini bado?"

"Mama, nimekatazwa kugusa shamba."

"Sijasema guse. Nimeuliza kama iko. Ng'ombe wangu wanapita pale kila siku wakienda maji. Narok amekufa, basi, amekufa. Nataka kujua hawa wengine."

"Tusubiri mahakama, mama," nikasema.

Kwenye basi la kurudi nilikasirika njia nzima, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Angeniuliza habari ya fidia ningejua la kumjibu. Alitaka jibu la swali la kemia, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kemia.

Mei tukakuta hakimu mpya. Yule wa zamani amehamishwa. Huyu alikuwa kijana, miwani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na jalada letu alikuwa analiona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Wazee wawili wa baraza waliketi kushoto na kulia kwake. Semboja, aliyeitwa kama shahidi, alikaa nyuma. Hakimu akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Bi Fatu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Afisa Mathias, Utafiti wa Plastiki, Chuo Kikuu.

"Mdaiwa, simama. Wewe ndiye Afisa?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Na chuo chako ni cha Serikali?"

"Chuo ni cha Serikali, mheshimiwa."

Nilielewa anakokwenda kabla hajafika. Nyuma Semboja akakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Bi Fatu akainua macho kutoka kwenye daftari, akanitazama. Ilitosha kusema maneno matatu tu: ni jina, mheshimiwa. Yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Nikaikumbuka tarehe thelathini Juni, nikayameza.

Hakimu akaeleza kwa upole, kama mwalimu. Mahakama ya Mwanzo haina mamlaka ya kusikiliza madai dhidi ya Serikali wala afisa wake. Mdai anatakiwa atoe notisi ya siku tisini, kisha afungue shauri lake Mahakama Kuu, Tanga. Shauri linaondolewa. Kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe. Dakika kumi na mbili, na ndani ya dakika hizo hakuna aliyelitaja neno ng'ombe.

Nje Nasinkoi alisimama na gunia lake begani.

"Siku tisini," akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote. "Na ng'ombe nao nani atawaambia wasubiri siku tisini?"

Mkononi nilikuwa na nakala ya amri, yenye muhuri, inayosema hakuna shauri lolote dhidi yangu. Nilimpigia Dokta Fransisko palepale. Akashangilia. "Fukua leo leo!" akasema. "Una wiki sita, zinatosha."

Nikaazima jembe kwa Semboja. Alinipa bila utani, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

Shimo la kwanza nililifukua kwa mikono ili nisiharibu kitu. Nailoni namba moja ilikuwepo, safi, kama imetoka dukani jana. Plastiki ya mhogo haikuwepo. Uzi wa katani nao haukuwepo. Pale ulipokuwa, udongo ulikuwa mweusi kidogo na laini. La pili, hivyo hivyo. La tatu. La nne. Nilikuwa napiga kelele peke yangu shambani kama kichaa. Imeoza! Imeoza yote! Miaka mitatu ya kuchekwa, na mhogo wa Handeni ulikuwa umefanya kile nilichosema utafanya. Nilimwona baba akisoma jina lake kwenye jalada la tasnifu. Mpaka shimo la tisa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani Tanga.

Kisha nikafika kwenye ile kona. Shimo la kumi: udongo mtupu. La kumi na moja: udongo mtupu. La kumi na mbili: udongo mtupu, na jembe likagonga mwamba. Nikachimba pembeni, nikachimba kati, nikachekecha udongo kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu. Hakuna nailoni hata moja. Nailoni haiozi. Mimi ndiye niliyetaka kuthibitisha hilo kwa ulimwengu.

Nilikaa chini. Glisirini ni tamu. Nilikuwa nimewaandalia ng'ombe wenye njaa, katikati ya kiangazi, karatasi ya wanga yenye utamu, nikaifukia kiganja kimoja tu chini, na kila karatasi nikaifunga pamoja na nailoni kwa uzi usiokatika. Mhogo wangu ndio uliowaita. Kile walichokuja kukila kingeoza tumboni kama uji. Kile walichokimeza pamoja nacho kilibaki. Na nilikuwa nimeisawazisha ile kona kwa mguu.

Nilirudi mahakamani mbio, viatu mkononi. Hakimu alikuwa anafunga dirisha.

"Mheshimiwa, mimi si afisa. Afisa ni jina langu. Wewe uliuliza cheo, mimi nikajibu jina, na nilijua. Na nadhani ng'ombe yule nilimuua mimi."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni yenye udongo, kisha akamtazama Bi Fatu.

"Shauri limekwisha kuondolewa," akasema. "Siwezi kulirudisha kwa maneno ya mlangoni. Asiyeridhika na amri aombe."

"Mimi siridhiki."

"Wewe umeshinda, mama. Aliyeshinda hana cha kulalamikia. Anayeweza kuomba ni mdai, kwa maandishi."

"Basi niandikie mimi kwamba nimekiri."

"Umekiri kwenye shauri namba ngapi?" akauliza, na hakuwa anatania. Hakukuwa na shauri. Bi Fatu akanisindikiza mpaka barazani, akaninong'oneza, "Gunia kalichukua mwenyewe. Kwake ni kule ng'ambo ya bwawa, saa moja kwa miguu."

Nilikwenda kwa dakika arobaini. Nasinkoi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa boma, gunia miguuni pake.

"Takwenya," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Iko," nikaitikia. Kiitikio hicho nilikuwa nimejifunza kwa Semboja. "Mama, mimi si afisa wa Serikali. Hakimu alikosea, nami nikanyamaza."

"Najua. Semboja aliniambia tulipotoka tu."

"Mbona hukurudi ndani ukasema?"

"Mimi sikuuliza hakimu kitu. Niliuliza wewe."

Nikamwambia yote, nimesimama: mashimo, utamu, uzi, ile siku ya Oktoba, mguu. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Yeye aliingia ndani, akatoka na kisu, akalitoa bonge kwenye gunia na kulipasua katikati. Tukaanza kulibandua, tabaka kwa tabaka, yeye upande huu na mimi upande ule. Mfuko wa sukari. Mfuko mweusi. Kipande cha turubai. Ganda la biskuti. Kisha kitu cheupe, kimekunjamana. Nikakinyoosha gotini, nikaona mwandiko wangu, umechorwa kwa msumari: 10. Ndani zaidi kikatoka kingine: 12.

Bonge lilikuwa kubwa, na vyangu vilikuwa viwili tu kati ya takataka nyingi. Ningeweza kumwambia hivyo. Ingekuwa kweli, kama ile kweli ya asubuhi.

"Viwili ni vyako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulisema vimepotea vitatu."

"Cha kumi na moja hakimo humu."

Tukatazamana. Tukalibandua lote mpaka likaisha, tukageuza gunia, tukalikung'uta. Hakikuwemo. Kisha tukasikia kengele, na ng'ombe wakaanza kurudi kutoka bwawani, vumbi likitangulia.

"Siku ile waliingia wangapi shambani?" nikauliza, na mara nikakumbuka ni swali la adabu mbaya.

"Ng'ombe hatuhesabu," akasema. "Waliingia Narok na Nanyokie na Naibor. Mweusi, mwekundu, mweupe. Hao wanapenda kutembea pamoja."

Akasimama langoni. Aliwaacha wengine wapite, kisha akamzuia yule mwekundu kwa kumgusa tu shingoni. Akanishika mkono, akakibandika kiganja changu ubavuni mwa ng'ombe, upande wa kushoto, kwenye shimo lililo nyuma ya mbavu.

"Tumbo la ng'ombe mzima halitulii," akasema. "Linageuka. Ngoja utasikia."

Ningoje! Mimi! Nikangoja. Ubavu ulikuwa wa moto na mgumu. Halafu chini ya kiganja kitu kikainuka polepole, kikajiviringisha, kikashuka, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikacheka bila kutaka. Nanyokie akapiga mkia, akaingia zizini akicheua.

Akaja Naibor. Alikuja wa mwisho, nyuma kabisa, na mifupa ya kiuno ilikuwa inaonekana. Niliona kwamba Nasinkoi naye alikuwa ameiona, wala si leo tu. Akamsimamisha. Nikaweka kiganja mwenyewe, bila kushikwa. Nasinkoi akaweka wake juu ya wangu.

Tukangoja. Ng'ombe wote walikuwa wameingia na vumbi limetua. Nilisikia moyo wangu kwenye ncha za vidole, nikajidanganya kuwa ndio, ndilo tumbo, kisha nikajua si lenyewe. Tukangoja tena. Naibor alisimama kwa upole tu, hacheui, anatazama mbele.

"Limegeuka?" akauliza Nasinkoi.

Jibu alilolitaka nilikuwa nalo mdomoni, na hakuna mahakama ambayo ingenikamata nalo.

"Hapana, mama," nikasema. "Bado."